Kompyuta inasoma kila ninachogusa na kuandika ninachosema: nizime vipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu, na nina kompyuta mpakato ya Windows 11 ambayo nyumbani tunaitumia watu watatu. Tangu wiki iliyopita kuna sauti inayosoma kila kitu ninachogusa, na kuna kisanduku cha buluu kinachoruka kutoka neno hadi neno. Caps Lock haifanyi kazi tena. Mara nyingine juu ya skrini panatokea utepe wenye picha ya maikrofoni, na nikipokea simu nikiwa mezani, maneno ya ajabu ya Kiingereza yanajiandika katikati ya mtihani ninaoutunga. Nimezima mara kadhaa, lakini kesho yake sauti inaanza upya hata kabla sijaweka nenosiri. Juzi kibodi nayo iligoma, baadaye ikarudi yenyewe. Jamaa mmoja anasema nimedukuliwa, nifute kila kitu na kuweka Windows upya. Je, kuna mtu ananisikiliza? Na nifanyeje mambo haya yaishe kabisa?

JIBU: Mwalimu, usifute kitu. Kwa dalili ulizonitajia, sioni udukuzi. Tena kuweka Windows upya kungekupotezea siku nzima bure, kwa sababu vinavyokusumbua vingekuja pamoja na hiyo Windows mpya. Ni sehemu yake. Ulichonacho ni mambo matatu yaliyokutana kwenye mashine moja: kuna kinachosema, kuna kinachosikiliza, na kuna kilichoshika kibodi. Kwa kuwa vimejitokeza wiki moja, umevichukua kama tatizo moja. Kumbe kila kimoja kina swichi yake, na kuzima hiki hakugusi kile.

Halafu kila kimoja kina pande mbili za kuzimwa: chenyewe, na mlango kinachoingilia, yaani njia ya mkato ya kibodi au agizo la kuanza pamoja na kompyuta. Wewe umekuwa ukikitoa nje na kuacha mlango wazi.

Tuanze na kinachosema, maana huwezi kutulia ukasoma mipangilio huku sauti inakufuata. Kinaitwa Narrator. Ni kisoma skrini, programu inayomsomea mtu asiyeona menyu, vitufe, na hata herufi anazopiga. Shikilia kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, kisha gonga Enter. Itatangaza kwamba inatoka, halafu kimya, na kile kisanduku cha buluu kitaondoka nayo.

Vitufe hivyohivyo vitatu ndivyo vinavyoiwasha, na nadhani najua ilivyotokea. Unatunga mitihani. Anayetunga mitihani kwenye Word hubonyeza Ctrl na Enter kila anapotaka kuanza ukurasa mpya. Sasa tazama kibodi yako: kitufe cha Windows kimekaa jirani na Ctrl ya kushoto. Kidole kikiteleza kikavikanyaga vyote viwili, badala ya ukurasa mpya unapata msomaji. Wanaoandika nyaraka ndefu hupatwa na hili sana, na karibu wote huapa kwamba hawakugusa kitu.

Caps Lock yako nayo ni nzima. Narrator ikiwa hai huzichukua Caps Lock na Insert na kuzifanya vitufe vyake vya amri. Chochote utakachobonyeza huku umeishikilia Caps Lock kinageuka agizo kwa Narrator. Ukitaka herufi kubwa wakati sauti ingali inaendelea, gonga Caps Lock mara mbili haraka haraka. Na ukiishikilia kisha ukagonga Esc, Narrator inafunga. Hiyo ni njia ya pili ya kuinyamazisha, nzuri kwa siku ambayo vidole havikubali kukutana kwenye vile vitatu.

Kuna vituko vingine vya Narrator ambavyo hukuvitaja lakini huenda umekutana navyo. Kwenye kurasa za wavuti ina hali ya kuchambua, ambapo herufi haziandiki, zinakurusha: ukipiga H unapelekwa kwenye kichwa kinachofuata, ukipiga K unapelekwa kwenye kiungo kinachofuata. Mtu asiyejua hudhani kibodi imepagawa. Na kama skrini yako ni ya kugusa, mguso mmoja utakusomea tu ulichogusa. Ili kitu kifunguke lazima uguse mara mbili. Vyote hivi hukoma pale Narrator inapozimwa, kwa hiyo usihangaike navyo kimoja kimoja.

Ukishaizima na bado kuna sauti inasoma, si yake. Sikiliza inasoma nini. Kama inasoma makala ya ukurasa wa wavuti tu, huyo ni msomaji wa ndani ya kivinjari. Kwenye Edge huwashwa na kuzimwa kwa Ctrl, Shift na U. Word nayo ina wake, kwa Alt, Ctrl na kitufe cha nafasi. Kama inasoma kila kitu kila mahali, pengine kuna mtu aliweka kisoma skrini kingine, na kinachopatikana kwa wingi ni NVDA, kwa kuwa hutolewa bure. Hicho hufungwa kwa Insert na Q, kisha kwenye mipangilio yake kuna visanduku vya kuanza kabla na baada ya mtu kuingia. NVDA haiji na Windows; lazima mtu aiweke. Ukiikuta, usiiondoe kabla ya kuuliza nyumbani ni ya nani.

Sasa tufunge mlango. Bonyeza Windows na U. Mipangilio inafunguka moja kwa moja kwenye ukurasa wa ufikivu, ule wenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Shuka hadi Narrator. Juu kabisa pana swichi kubwa ya kuiwasha na kuizima. Nina hakika hiyo ndiyo umekuwa ukiigusa. Karibu nayo zipo tatu nyingine, na kama huzioni bofya kishale kidogo kilicho kando ya swichi kubwa, orodha ifunguke. Moja inaruhusu njia ya mkato ya kibodi: ukiizima, unaweza kubonyeza Windows, Ctrl na Enter kutwa nzima na hakitatokea kitu. Nyingine inaiagiza Narrator ianze baada ya mtu kuingia kwenye akaunti. Na nyingine inaiagiza ianze kabla ya mtu kuingia, yaani palepale kwenye ukurasa wa nenosiri.

Hiyo ya mwisho ndiyo jibu la malalamiko yako makubwa. Ukurasa wa nenosiri unasimama kabla ya akaunti ya mtu yeyote, kwa hiyo unafuata maagizo ya mashine, haujali wewe binafsi umechagua nini baada ya kuingia. Unaweza kuizima Narrator ndani ya akaunti yako kila siku, na kila asubuhi ikakusubiri mlangoni ikisema. Zima swichi hiyo ya kabla ya kuingia. Windows ikikuambia huna ruhusa, basi akaunti yako si ya msimamizi, na mwenye akaunti ya msimamizi ndiye atakayeizima.

Utajiuliza kwa nini waliifanya iwe rahisi hivi kuwaka kwa bahati mbaya. Ni kwa sababu anayeihitaji hawezi kuiona menyu ya kuiwashia. Asiyeona hana namna ya kutafuta swichi kwa kipanya. Anahitaji vitufe ambavyo vidole vyake vinavijua, na anavihitaji tangu kwenye ukurasa wa nenosiri. Hali ni hiyohiyo kwa mtu ambaye mkono mmoja haufanyi kazi: hawezi kushikilia vitufe vitatu kwa pamoja ili kuwasha kitu kitakachomwondolea shida ya kushikilia vitufe vitatu. Vifaa hivi vya kibodi vilitokana na kazi ya kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na kuanzia Windows 95 vimekuwa ndani ya mfumo wenyewe. Narrator ilifuata kwenye Windows 2000. Ndiyo maana sikushauri, na sitamshauri mtu yeyote, aingie kwenye mafaili ya mfumo na kubadilisha jina la faili la Narrator ili lisipatikane, ingawa ushauri huo unazunguka sana. Masasisho ya Windows yanaweza kulirudisha, na siku skrini yako itakapopasuka ukiwa na mtihani ndani ambao haujahifadhiwa, sauti hiyo ndiyo itakayokusaidia kuufikia.

Tuje kwenye kinachosikiliza. Ule utepe wa juu wenye maikrofoni ni Voice Access, chombo cha kuiendesha kompyuta kwa mdomo. Kilikuja na toleo la 22H2 la Windows 11, na mwaka 2024 kikaanza kuchukua rasmi nafasi ya programu ya zamani ya kutambua usemi. Njia yake ya mkato ni Windows, Ctrl na S. Nadhani umeshaona ninapoelekea: Ctrl na S ndivyo unavyobonyeza kila baada ya dakika chache kuhifadhi kazi. Ni uteleze uleule wa kidole kilekile. Lakini hiki hakiwaki kimyakimya. Mara ya kwanza huomba kupakua faili za lugha na kukuonyesha namna ya kukitumia. Kwa hiyo kuna mtu nyumbani kwako, pengine wewe mwenyewe ukiwa na haraka ya kuondoa dirisha usilolijua, aliyebofya kukubali.

Kikishakuwa hai na maikrofoni iko wazi, kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kikisikia neno linalofanana na amri zake, kinatekeleza: kinabofya, kinafunga dirisha, kinaweza hata kutapanya namba ndogondogo juu ya kila kitufe kwenye skrini. Kikisikia maneno yasiyo amri huku mshale wako uko kwenye ukurasa wa kuandikia, kinayaandika. Kama lugha iliyopakuliwa ni Kiingereza, nacho kinajitahidi kuyageuza yote uyasemayo yawe Kiingereza. Unamwambia mtu kwenye simu kwamba utampigia baadaye, na katikati ya swali la nne la mtihani panaota sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Hakuna aliyeiandika. Ni simu yako mwenyewe, imesikiwa vibaya.

Ili kukinyamazisha papo hapo, bofya picha ya maikrofoni kwenye utepe. Ili kukizima, rudi Windows na U, shuka chini hadi sehemu inayohusu usemi, na uzime swichi ya Voice Access. Utepe utatoweka wote. Hapohapo tafuta swichi za kuanza kabla na baada ya kuingia, kama ulivyofanya kwa Narrator, na uzizime zote mbili.

Usikichanganye na kuandika kwa sauti, ambacho ni kidogo zaidi na kina tabia tofauti. Hicho hutokea kama kisanduku kinachoelea juu ya ukurasa, chenye maikrofoni katikati, na huitwa kwa Windows na H. Kazi yake ni moja tu, kugeuza usemi kuwa maandishi. Kikikutokea kila unapobofya mahali pa kuandikia hata kama hukukiita, basi kuna mtu aliwasha chaguo la kukifanya kijitokeze chenyewe. Bofya alama ya gia ndani ya kisanduku hicho, zima chaguo hilo, kisha kifunge kwa alama ya X.

Je, kuna mtu anakusikiliza? Hili linastahili jibu la uangalifu, kwa sababu majina haya matatu hayafanani hata kidogo kwenye suala la faragha. Narrator haisikilizi kabisa. Inasema tu, haina haja na maikrofoni. Voice Access inasikiliza, lakini kazi ya kuyatambua maneno inafanyika ndani ya kompyuta yako, ndiyo maana inaendelea hata ukikata intaneti baada ya kuiwekea lugha. Kuandika kwa sauti ndiko kunakotuma sauti yako nje: maneno yanapitia intaneti kwenda kwenye seva za Microsoft, yanatambuliwa huko, na maandishi yanarudi. Kwa hiyo kama unajali, na mwalimu mwenye mitihani mezani ana haki ya kujali, kuandika kwa sauti ndicho cha kukitazama.

Unaweza kujiridhisha kwa macho yako. Programu inapotumia maikrofoni, Windows 11 huonyesha alama ya maikrofoni kwenye upau wa chini, karibu na saa. Kisha kwenye Mipangilio, upande wa faragha na usalama, kuna ukurasa wa maikrofoni wenye orodha ya programu na lini kila moja iliitumia mara ya mwisho. Pitia orodha hiyo polepole. Programu ya mikutano ya video kuwemo ni kawaida. Programu ya kuhariri picha kuwemo ni jambo la kujiuliza, na swichi yake iko palepale. Kuna pia ukurasa wa usemi, wenye swichi ya kuruhusu sauti kutumwa kwenye utambuzi wa mtandaoni. Ukiizima hiyo, programu zinazotegemea utambuzi huo wa mtandaoni zitakosa huduma yake.

Kwa upande wa udukuzi, kuna jaribio moja ninalopenda watu walifanye, maana ndilo pekee kwenye habari hizi za ufikivu ambalo lingenitia wasiwasi. Ukiwa kwenye ukurasa wa nenosiri, gonga Shift mara tano. Likitokea dirisha dogo linalouliza kama unataka kuwasha Sticky Keys, au kisitokee kitu kabisa, shwari. Likifunguka dirisha jeusi la kuandikia amri, hapo kuna mtu aliyewahi kuikalia mashine hiyo na kuliweka faili la amri mahali pa faili la Sticky Keys. Ni hila ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila nenosiri. Katika hali hiyo ndipo ushauri wa jamaa yako wa kuweka Windows upya ungekuwa sahihi. Mafaili yako unayatoa kwanza.

Imebaki kibodi. Kugoma kabisa halafu ikarudi yenyewe ni tabia ya Filter Keys. Kifaa hiki kimetengenezwa kwa mtu ambaye mkono wake unatetemeka: kinapuuza miguso mifupi na ya kurudiarudia, na kinakubali tu kitufe kilichoshikiliwa. Anayeandika kwa kasi ya kawaida anaona kibodi imekufa, kwa kuwa kila mguso wake ni mfupi mno. Huwashwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, na huzimwa vivyo hivyo. Sekunde 8 unaweza kuzishikilia bila kujua: umeegemeza kiganja ukisoma ulichoandika, au mtu anafuta vumbi kwenye kibodi ikiwa inawaka. Siku nyingine ikigoma, fanya jaribio hili kabla ya kumwita fundi: shikilia herufi moja kwa sekunde moja au mbili bila kuiachia. Ikitokea, kibodi ni nzima na ni Filter Keys.

Ndugu yake ni Sticky Keys, ile ya Shift mara tano. Inafanya Shift, Ctrl, Alt na kitufe cha Windows vikae vimebonyezwa hata ukishaviachia, ili mtu wa kidole kimoja aweze kupiga vitufe viwili kwa kufuatana. Kama kuna kijana nyumbani anayecheza gemu, ambazo nyingi hutumia Shift kukimbilia, mtuhumiwa umeshampata. Kwa kawaida ukibonyeza Shift na herufi kwa pamoja hujizima, na ndiyo sababu matatizo yake huonekana kuja na kuondoka yenyewe. Wa tatu, Toggle Keys, hulia mlio kila ukigusa Caps Lock au Num Lock, na huwaka ukishikilia Num Lock kwa sekunde 5. Huyo hana madhara zaidi ya kero.

Vyote vitatu vinakaa ukurasa mmoja: Windows na U, kisha kibodi. Hapa ndipo mtego ulipo, tena ni mtego uliofichwa vizuri. Kila kimoja kina swichi inayoonekana, na utakuta zote tatu zimezimwa, uridhike, uondoke. Usiondoke. Bofya jina lenyewe au kishale kilicho mwisho wa mstari, uingie ndani, na humo utakuta swichi nyingine ya njia ya mkato. Hiyo ndiyo imewaka. Izime kwa Sticky Keys, toka, ingia Filter Keys, izime, toka, ingia Toggle Keys. Kuanzia hapo Shift itabaki kuwa Shift.

Kama baada ya hayo herufi bado zinatoka kubwa zenyewe, au ukibofya faili moja yanachaguliwa mengi, shuku kitufe chenyewe kimenasa. Fungua kibodi ya kwenye skrini kwa Windows, Ctrl na O. Ukiona Shift au Ctrl imewaka pale ilhali mikono yako iko pajani, ni uchafu au kitufe kilicholegea, na hapo mipangilio haina la kufanya.

Lakini kabla hujazima chochote kati ya haya, waulize hao wawili unaoshirikiana nao kompyuta. Nasema hivi kwa sababu umesema sauti inaanza kabla ya nenosiri, na swichi hiyo ni vigumu kuiwasha kwa kuteleza kidole. Mara nyingi mtu huiwasha kwa makusudi. Inawezekana kuna mtu ambaye macho yameanza kumsumbua na hajawaambia. Kama ni hivyo, suluhisho ni kila mtu kuwa na akaunti yake. Mipangilio ya ufikivu ndani ya akaunti humfuata mwenyewe: yeye akiingia kwake Narrator inamsomea, wewe ukiingia kwako kuna kimya. Mtakubaliana tu kuhusu ukurasa wa nenosiri, na hapo wewe ndiye wa kuvumilia: sekunde chache za kusomewa ni kero ndogo kwako, na bila hizo yeye haingii kabisa.

Kwa wasomaji wengine wenye matatizo ya jirani, nipite haraka. Skrini ikikuza kila kitu ghafla na kuhamahama ukisogeza kipanya, ni Magnifier, iliyowaka kwa Windows na alama ya kujumlisha. Bonyeza Windows na Esc. Rangi zikigeuka nyeusi na kali mno, ni mandhari ya utofautishaji, na hurudishwa kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen. Kila kitu kikiwa cha kijivu kama picha za zamani, jaribu Windows, Ctrl na C. Namba za upande wa kulia wa kibodi zikisogeza mshale wa kipanya badala ya kuandika, ni Mouse Keys, nayo huzimwa kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock. Mshale wa kuandikia ukitokea katikati ya ukurasa wa wavuti ambao hauandikiki, gonga F7. Vivinjari vingi vinaitumia kuwasha na kuzima hali hiyo.

Kwenye Mac, kinachosema ni VoiceOver, na hukoma kwa Command na F5. Kwenye mashine ambazo F5 ina kazi nyingine, ongeza Fn. Kinachosikiliza ni Voice Control, kilichokuja na macOS Catalina mwaka 2019, na swichi yake iko kwenye mipangilio ya ufikivu. Option, Command na F5 kwa pamoja huleta orodha ya vifaa hivi vyote, uone kipi kimewaka. Kwenye Chromebook, msomaji ni ChromeVox na huzimwa kwa Ctrl, Alt na Z. Wenye Linux ya GNOME wabonyeze Super, Alt na S kuizima Orca.

Ukishamaliza, Mwalimu, usifunge kifuniko tu. Kufunga kifuniko huilaza kompyuta, na kilichokuwa hai huamka nacho. Chagua kuwasha upya. Ikisema kwenye ukurasa wa nenosiri, swichi ya kabla ya kuingia bado haijazimwa, na mwenye akaunti ya msimamizi aitazame. Ikikaa kimya pale, kisha ikaanza ukishaingia, ni ile ya baada ya kuingia, na hiyo iko ndani ya akaunti yako. Utepe wa maikrofoni ukirudi, ni swichi mbili za Voice Access. Na ikianza kusema tu pale unapofungua ukurasa mpya wa mtihani, basi njia ya mkato ya Narrator ingali wazi na kidole kimeteleza tena.